Gadi Aliyeendesha Gari Moshi Langu la Mikebe

Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, hapa Nakuru, mvua ikinyesha na mke wangu akiwa mlangoni anachochea jiko. Natangulia kusema hivyo kwa sababu nimechoka na watu. Kila nikianza kusimulia, hakosi mjuzi mmoja wa kuuliza kama nilikuwa nimelewa, au kama ilikuwa usiku na usingizi umenishika. Haikuwa usiku. Pombe sijaionja maisha yangu. Mama yangu alikuwa mtu wa kanisa na fimbo yake ilikuwa ndefu. Ukitaka kuamini, amini. Usipotaka, nyamaza, lakini usinicheke, maana jambo hili mimi halinitishi. Linanikasirisha. Limenikasirisha tangu nilipokuwa na meno yote mpaka leo ninapotafuna ugali kwa upande mmoja.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa fundi wa chuma katika karakana ya kontrakta mmoja aliyekuwa akichimba kokoto huko juu, ng'ambo ya Molo, na kuziteremsha Nakuru kwa mabehewa yake mwenyewe. Jina lake silitaji, na usidhani ni kwa heshima. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza mabehewa hayo: magurudumu, minyororo, vyuma vya breki. Tulikaa landhi, vyumba vya mawe vya mstari mmoja nyuma ya reli, chumba kimoja kwa mtu na mkewe. Mke wangu aliitwa Mama Rose. Rose mwenyewe alikuwa kwa nyanya yake Kakamega kwa sababu vumbi la kokoto lilimpa kikohozi, ingawa jirani walisema kwa utani kwamba tumempeleka mtoto ili gari moshi lipate pa kulala.

Ndiyo, gari moshi. Nilikuwa na gari moshi ndani ya chumba changu, nimelitengeneza kwa mikono yangu. Lazima nikueleze nilivyolipenda, la sivyo hutaelewa hasira hii inatoka wapi.

Nilianza na mkebe wa kakao. Jumapili moja nilikuwa nautazama tu, nikaona tumbo la injini. Nikaukata, nikaunga lehemu, bomba la moshi nikatoa kwenye pampu ya baiskeli iliyokufa. Mabehewa yakawa mikebe sita ya samaki. Reli nilizitoa kwenye waya wa seng'enge: unafunga ncha moja kwenye nguzo, unavuta nyingine mpaka kasoro zote zitoke, halafu unagonga taratibu, taratibu. Mataruma ya kulalia reli nilikata kutoka masanduku ya chai, moja moja, kwa kisu, jioni baada ya jioni, mpaka kidole cha shahada kikafanya sugu. Unadhani ilinichosha? Nakuapia, nilikuwa nikitoka kazini natembea haraka kama mwanamume aliyeoa jana, na ninayemkimbilia ni kisu na ubao.

Kilichonipa taabu ni kulifanya litembee. Mwisho mwenye duka mmoja wa Kihindi akanipa gramafoni iliyovunjika. Ndani ya gramafoni mna springi, na kando ya springi kuna kidude kidogo chenye vyuma vinavyozunguka, kazi yake kuizuia springi isikimbie ovyo. Niliviingiza vyote ndani ya mkebe wa kakao. Kidude kile ndicho kilichofanya gari langu litembee kwa adabu, kupanda na kushuka, mwendo ule ule. Kumbuka hilo. Halikuwahi kukimbia.

Njia yenyewe niliiga ile ya kweli. Kilele cha Mau kilikuwa juu ya sanduku la nguo. Kutoka pale reli ilishuka ukutani juu ya vigingi, ikapita nyuma ya kichwa cha kitanda, ndiyo Molo, ikaja chini ya dirisha, ndiyo Njoro, halafu ikatua sakafuni karibu na mlango, Nakuru. Ziwa lilikuwa kioo kilichovunjika. Mama Rose alilitazama akasema ziwa bila heroe ni dimbwi, akakaa siku mbili akifunga nyuzi za rangi ya waridi kwenye miiba, mpaka ufuo wote ukajaa ndege. Baadaye akajipa cheo cha stesheni masta wa Njoro. Ukifika pale na gari, kama hajakubali, hupiti. Tuligombana kweli kweli kuhusu hilo, na sijawahi kufurahia ugomvi kama ule.

Raha kubwa kuliko zote nitakuambia. Ukilala kwa tumbo, ukaweka shavu kwenye sakafu, jicho lako linakuwa sawa na reli. Mguu wa kitanda unakuwa mti wa mwerezi. Halafu unalisikia linakuja, tik-tik, tik-tik, kwa kuwa niliacha nafasi ndogo kwenye maungio makusudi, ili lilie kama lile kubwa. Linatokea nyuma ya mti, linakuja upande wako, na kwa muda huo, niamini, halina udogo wowote. Watu wa landhi walikuja Jumapili kusimama mlangoni kutazama. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulala chini. Walidhani ni mchezo.

Sasa habari ya kazini.

Msimamizi wetu alikuwa Mzungu tuliyemwita Bwana Saa, kwa sababu hakuweza kusimama mahali bila kutoa saa mfukoni. Siku moja yaliletwa karakanani mabehewa matatu ya kokoto ambayo vyuma vyake vya breki vimeliwa na kutu. Chuma kipya hakikuwapo. Nilivitoa vile vibovu, nikavipanga chini, nikamngoja aseme mabehewa yakae. Bwana Saa akaja, akavitazama, akatazama saa, akanipa chaki. Ilikuwa desturi yetu kwamba behewa lililotengenezwa huandikwa ubavuni SAWA, na fundi anayeandika ni yule aliyelishughulikia.

Nilijua. Usiniambie labda sikujua. Vyuma vilikuwa pale miguuni pangu. Nikaandika SAWA, SAWA, SAWA, kwa mwandiko mzuri nilioufundishwa na wamisheni, na jioni ile nikakata mataruma kumi na mawili, nimetulia kabisa.

Siku ya nne gari la kokoto lilisimama kule juu kabla ya mteremko, kama ilivyo sheria. Sheria yenyewe ni kwamba gadi, yule mtu wa behewa la mwisho, hushuka, akatembea kando ya gari na kufunga breki za mkono, behewa moja baada ya jingine, ndipo dereva ateremke. Walipoanza kuteremka, mabehewa ya nyuma yakayasukuma ya mbele, gari likakimbia, na kwenye kona moja likaacha njia. Dereva na mtia makaa waliruka. Gadi alikaa kwenye breki yake mpaka mwisho. Walimkuta ameishika.

Bwana Saa akaandika ripoti. Alisema gadi alikuwa amelewa, hakufunga breki za mabehewa matatu ya mwisho. Mabehewa yalikuwa mazima, kwani si yameandikwa? Ubao mmoja wa behewa uliokotwa kwenye kokoto na chaki yangu bado inasomeka. Huo ndio ukawa ushahidi.

Nami nilifanya nini? Nilisikia habari hiyo nikiwa na nyundo mkononi, nikaendelea kugonga. Jina la marehemu lilikuwa Kiptoo, mtu wa Molo. Sikuwa nimemwona hata siku moja. Nilijiambia sitamfufua kwa kusema. Maneno mazuri hayo, sivyo? Mwoga hakosi maneno mazuri.

Jumapili ya tatu baada ya hapo mvua ilinyesha tangu asubuhi, ile mvua ya Aprili inayofunga mlima wa Menengai kama blanketi. Hakuna jirani aliyetoka. Saa tisa hivi za mchana nikasikia hodi. Mtu alikuwa amesimama mlangoni, wa makamo, koti la kaki, buti moja imefungwa kwa waya wa shaba badala ya kamba. Akasema amesikia hapa kuna gari moshi. Mama Rose, aliyekuwa na jiko lake pale pale chini ya kibaraza, akamwambia apite asiloe. Jina sikuuliza. Watu wangapi walikuwa wakija Jumapili?

Mgeni aliingia, akatazama njia yote tangu Mau mpaka ziwani, na unajua alifanya nini? Alilala chini kwa tumbo. Akaweka shavu kwenye sakafu. Sikumwambia mimi.

Sasa elewa furaha yangu. Tangu nianze kujenga nilikuwa sijapata mtu. Mke wangu alipenda, ndiyo, lakini alipenda kwa sababu mimi napenda. Huyu alikuwa mtu wa kitu chenyewe. Nilijaza springi, nikaliachia, akalifuata kwa macho akicheka kimya kimya, mabega yanatikisika. Kila lilipofika mahali ambapo kwenye njia ya kweli kuna kibao cha kupiga honi, yeye alipiga mluzi, na hakukosea hata kimoja. Aliheshimu stesheni ya Njoro. Aliinua kichwa akamuuliza Mama Rose kama njia iko wazi, na Mama Rose akaona haya kwa furaha, akamwambia apite.

Kisha akanisahihisha. Alisema ukitoka Molo njia hulala kushoto kidogo kabla ya kukata kulia, mimi nimeikata kulia moja kwa moja. Mtu mwingine angeniambia hivyo ningemfukuza. Huyu nilimletea nyundo. Tuling'oa kipande kile tukakilaza upya sisi wawili, yeye akishika reli, mimi nikigonga misumari, nusu saa nzima labda, na hatukuzungumza ila maneno ya kazi: sogeza, shika hapo, hivyo hivyo. Hiyo nusu saa bado siwezi kuisamehe. Ilikuwa nzuri kuliko zote nilizokaa na gari lile.

Tulipomaliza akaomba aliendeshe yeye tangu juu. Nikamwambia karibu. Akalipandisha mpaka kileleni, akalisimamisha kwa kidole kimoja mbele ya injini. Halafu akaanza kupitisha mkono wa pili kando ya mabehewa. Kila behewa alilifikia, akaweka kidole gumba ubavuni, akazungusha kama anakaza kitu, akagonga ulimi. La kwanza. La pili. La tatu. Nilicheka. Nikamwambia, "Ndugu, hiyo ni mikebe ya samaki. Haina breki."

Hakugeuka.

"Hata yale hayakuwa nayo," akasema. "Nilizungusha, ikazunguka tu, kama baiskeli iliyokatika cheni. Matatu ya mwisho."

Hakukuwa na ukali katika sauti yake. Angekuwa mkali ningeelewa mapema. Nilichodhani mimi, nakuambia bila kuficha, ni kwamba mtu huyu ametumwa na wenzangu wa kazini kunitega, amekula furaha yangu saa nzima ili aniulize mwishoni. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakaziba. Nilimwambia atoke nyumbani kwangu. Nilimwambia hajui lolote kuhusu breki, na kama ana maneno ayapeleke kwa Bwana Saa, mimi nilipewa chaki tu.

Hakuna aliyekuwa ametaja chaki. Umeona? Nilijitaja mwenyewe.

Hapo ndipo aliponitazama. Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyekuwa akitafuta nyumba fulani na sasa ameipata. Akainua kidole.

Gari likashuka. Nilisikia kidude cha gramafoni kikilia ndani ya mkebe, kisha kikavunjika, tak, na halikuwa tena likitembea, lilikuwa likianguka na njia. Lilipita Molo. Kelele iliyotoka mle chumbani sitaweza kukueleza, ila ukisimama kando ya reli gari la mizigo lipite karibu nawe, lenye kokoto, lisilozuilika, basi ni hiyo, na kuta zikitetemeka. Vyombo vilianguka. Mimi nikamkasirikia hata mkebe. Nikapiga magoti chini ya dirisha, pale Njoro, nikanyoosha mkono wa kulia kulizuia. Kwa nini nisilizuie? Gari zima halikufika uzito wa kuku.

Lilinivunja vidole viwili. Liliupitia mkono wangu kama haupo, na nilisikia uzito wa kila behewa, sita, mmoja baada ya mwingine, na matatu ya mwisho yakiwa mazito kuliko yote. Likapita juu ya kioo, ziwa likawa unga, likatoka mlangoni katikati ya miguu ya Mama Rose na kupotea mvuani.

Chumbani tulikuwa wawili, mimi na maumivu yangu. Mlango ulikuwa mmoja na Mama Rose alikuwa amesimama hapo. Alisema hakuna mtu aliyempita. Jirani zetu wote walitoka mvuani na mablanketi kichwani, wakikimbilia relini, kwa kuwa kila mmoja alisikia gari kubwa limeacha njia. Reli ilikuwa tupu. Wengine walibishana mpaka jioni.

Dresa wa zahanati alinifunga vidole kwa vijiti, akaniuliza nimeumizwa na nini. Nikamwambia gari moshi. Akasema nina bahati.

Alhamisi nilipanda Molo. Emajensi, ile hali ya hatari ya serikali, ilikuwa bado, askari walisimamisha watu njiani, wakatazama kipande changu cha kitambulisho, wakatazama mkono, wakaniacha. Nilielekezwa mpaka vyumba vya wafanyakazi wa kontrakta, kwa mjane wa Kiptoo, Mama Chebet. Alikuwa anafunga mizigo. Amepewa mpaka mwisho wa wiki kutoka. Mlangoni palikuwa na buti za marehemu zilizorudishwa. Moja ilikuwa imefungwa kwa waya wa shaba.

Nilimweleza yote pale pale, nimesimama. Nilianza na chaki, nikamaliza na vidole. Sikutegemea anisamehe, lakini nilitegemea kilio, au anirushie kitu. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kamba ya mzigo.

"Kwangu hajaja hata mara moja," akasema. "Nimelala na taa wiki tatu nikimngoja. Kwako amekuja, akacheza."

Akakaza kamba ya mzigo.

"Alicheka?"

Nikamwambia ndiyo, alicheka sana.

Alikaa juu ya mzigo. Nilimwona akikasirika, na nakuambia hasira yangu yote ni cheche tu mbele ya ile. Mume wake, aliyekufa ameshika breki, ametoka huko alikotoka, na badala ya kuja kumwambia kwaheri amekwenda kulala sakafuni kwa mtu aliyemuua, kufurahia mikebe. Mwishowe akavuta daftari la mtoto wake kutoka kwenye kikapu, akalirusha miguuni pangu.

"Basi andika," akasema. "Uliweza kuandika wakati ule."

Niliandika kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa kama za chekechea, karatasi mbili, na vyuma vya breki nikavitaja kimoja kimoja. Moja aliipeleka kwa D.O., yule ofisa wa serikali wa wilaya. Nyingine aliipeleka kwa baba mkwe wake, mzee aliyekuwa amesikia mwanawe alikufa kwa ulevi na akakataa mtoto yeyote wa ukoo kuitwa kwa jina lake. Kwao jina la marehemu likikataliwa, ndiyo amekufa mara ya pili.

Mimi nilirudi Nakuru nikaenda moja kwa moja kwa Bwana Saa. Nilimwambia nilichoandika. Alisikiliza, akatoa saa, akasema, "Kwa hiyo ni wewe uliyemuua. Niandike hivyo?"

Nikamwambia, "Andika, Bwana. Andika majina mawili."

Kesho yake saa sita mchana tulikuwa nje ya landhi na vyombo vyetu. Walikuja watu wake wakang'oa vigingi ukutani, wakatupa njia yote kwenye matope, mataruma yangu yote, hata heroe. Injini yenyewe ilikuwa imeokotwa na jirani mtaroni tangu Jumapili ile, na haikuwa na hata mkwaruzo. Bwana Saa aliigeuza mkononi, akasema ni kazi safi, akaitia mfukoni mwa koti. Mtu huyo huyo. Akaenda nayo.

Unangoja nikuambie kwamba injini ile ilimfuata kitandani ikamsaga? Kila ninayemsimulia hungoja hapo. Haikumfanya kitu. Alikaa Kenya miaka mingine, akanenepa, akapanda meli akaenda kwao. D.O. aliweka karatasi yangu kwenye faili, faili likawekwa mahali. Na hapa ndipo ninapotaka kugonga meza: Kiptoo alijua nyumba ya Bwana Saa ilipo. Nyumba kubwa, ya mabati mekundu, huwezi kuikosa. Kwa nini hakwenda huko? Kwa nini alikuja landhi, kwenye chumba kimoja, kwa mtu wa kupewa chaki? Hata wafu wanajua nani wa kupiga? Nao wanaogopa wakubwa?

Mama Rose hakukubaliana nami mpaka anaingia kaburini. Alisema nilimwona vibaya. Alisema mtu yule alikuja kucheza tu, uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyefurahi, angecheza akaenda zake, ni mimi niliyefungua mdomo nikataja breki. Tulibishana miaka na miaka. Akiwa yeye ndiye mwenye haki, basi fikiria: mara ya kwanza nilipothubutu kusema kweli kuhusu breki, nilimwambia maiti, na nilikuwa nasema habari ya mikebe ya samaki.

Mama Chebet aliniletea habari mara moja tu, kupitia dereva wa lori. Karatasi ilisomwa mbele ya mzee, na mvulana aliyezaliwa mwaka ule akaitwa Kiptoo. Salamu hakutuma. Alifanya vyema.

Nilipata kazi kwingine, nikajenga tena. Usinishangae, mtu aliyeonja raha ile hawezi kuiacha. Nimejenga njia tatu tangu wakati huo, ya mwisho iko nyumbani kwa mwanangu hapa mtaa wa Rhonda, na wajukuu wanaipenda. Gari linapanda vizuri mpaka kileleni. Hapo nalisimamisha, nafungua vifungo, nateremsha behewa moja moja kwa mkono, huku vidole hivi viwili vimepinda kama unavyoviona, mpaka chini. Watoto wanauliza kwa nini babu haliachii. Nawaambia waende nje.

Sasa nikuambie wewe. Kama kuna neno unalijua kuhusu kifo cha mtu, lipeleke leo, mjane akiwa bado ana mlango wa kufungua. Usijidanganye kwamba marehemu hana haraka. Ana haraka sana, na hatakutafuta kazini ulikojificha wala kanisani unakoimba. Atakuja siku ya mapumziko, aulizie kile unachokipenda kuliko vyote, naye akipende kuliko unavyokipenda wewe. Utamkaribisha mwenyewe.

Na ukishamsikiliza, usinijie kuniuliza kama niliogopa.